Sindano Mkononi: Uhakiki wa Mchezo wa Video wa Mchezaji Mmoja

1. Utangulizi

Makala haya yana madhumuni ya kuchunguza sifa zinazoufanya mchezo wa video wa mchezaji mmoja uwe kazi bora ya sanaa. Uchunguzi unafanywa kwa vipimo ambavyo mhakiki wa fasihi ya Kiswahili anavijua tayari, yaani uhusiano wa fanani na hadhira, kanuni za kitendawili, na nafasi ya shujaa katika utendi. Yamkini wako watakaouliza kama chombo cha burudani kinachoendeshwa kwa vidole kinastahili nafasi katika jarida la lugha na fasihi. Jibu ni kwamba fasihi simulizi haikupata kutenganishwa na mchezo. Kitendawili ni mchezo, na ngano hufunguliwa kwa mwito na mwitikio. Mhakiki aliyekubali kuvichambua hivyo hana sababu ya kuukataa mchezo wa video isipokuwa mazoea.

Iko pia sababu ya kijamii. Katika mitaa ya miji ya Kenya vimo vibanda ambamo vijana hulipa ili wacheze mpira wa video wawili wawili, huku wenzao wakitazama, wakishangilia na kubeza. Hapo hadhira ipo, na mtu akifungwa mabao huyasikia kwa majirani zake. Lakini kijana huyo huyo akijitenga na simu yake hucheza peke yake, bila mpinzani wala mtazamaji. Swali la makala haya linahusu saa hiyo ya upweke. Ni kitu gani kitakachomfanya mtu asiye na mshindani autazame mchezo kama jambo lenye uzito, badala ya kuutumia kupotezea wakati tu?

Jibu la kawaida la wachezaji na la matangazo ya biashara ni kwamba mchezo bora ni ule wenye ulimwengu mpana kuliko mingine, picha zinazokaribiana na uhalisi, na uhuru wa mchezaji kufanya apendalo. Makala haya yanapinga vipimo hivyo. Hoja yake ni kwamba mchezo bora wa mchezaji mmoja hutimiza masharti mawili. Kwanza, mtunzi wake, ingawa hayupo, humtendea mchezaji uadilifu kama ule wa mtega kitendawili. Pili, tendo lililo kiini cha hadithi huachiwa mchezaji mwenyewe alitende, na akiisha kulitenda asipate mtu wa kumsukumia lawama.

2. Mpinzani aliyeondolewa

Ili sharti la kwanza lieleweke, yafaa kwanza kuuliza mchezo hupoteza nini mpinzani anapoondolewa. Bao la Kiswahili ni mfano ulio karibu. Lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na mchezo hupitia hatua ya kunamua kabla ya kufikia mtaji. Kanuni hizi, ingawa ni tata, zaweza kuwekwa katika kompyuta. Hata hivyo mchezaji wa Lamu au wa Unguja hashindani na kanuni peke yake. Anashindana na mtu ambaye pupa yake anaijua, mbele ya wazee wa barazani ambao watalizungumza kosa lake hadi kesho. Fahari na aibu ni sehemu ya bao sawasawa na kete zenyewe. Mashine ikikaa mahali pa mpinzani, kinachobaki ni bao lililopungukiwa na mtu. Ndivyo ilivyo pia kwa sataranji: kompyuta ya Deep Blue ilimshinda bingwa Garry Kasparov mwaka 1997, lakini sataranji haikugeuka kuwa mchezo wa mtu mmoja kwa sababu hiyo. Ilibaki kuwa mchezo wa wawili, ambao mmoja wao ni mashine.

Historia ya mchezo wa video inaonyesha jinsi watunzi walivyolikabili tatizo hili. Pong, uliotolewa na kampuni ya Atari ya Marekani mwaka 1972, ulikuwa mchezo wa watu wawili: vibao viwili na mpira mmoja kati yao. Mwaka 1976 kampuni hiyo hiyo ilitoa Breakout, ambamo mpinzani aliondolewa na mahali pake pakajengwa ukuta wa matofali. Mchezaji alibaki kuupiga mpira ili aubomoe ukuta. Miaka miwili baadaye, mwaka 1978, Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito huko Japani alitoa Space Invaders, mchezo ambamo ni kana kwamba ukuta ule umepewa uhai. Safu za viumbe kutoka anga za juu huteremka kuelekea kwa mchezaji, na kadiri wanavyopungua ndivyo wanavyozidisha mwendo. Mchezaji akimaliza safu, nyingine huja. Hawezi kushinda, anaweza tu kuahirisha kushindwa.

Mabadiliko makubwa zaidi yalitokea Moscow mwaka 1984, wakati Alexey Pajitnov, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha kompyuta cha Chuo cha Sayansi cha Urusi ya Kisovyeti, alipotunga Tetris. Kompyuta aliyoitumia, Elektronika 60, haikuwa na uwezo wa kuchora picha, kwa hiyo maumbo yalionyeshwa kwa alama za mabano. Maumbo yenyewe ni 7 tu, kila moja likiwa na miraba 4. Yanashuka moja moja, na kazi ya mchezaji ni kuyapanga hata mstari ujae na kutoweka. Katika mchezo huu hakuna adui. Umbo linaposhuka halina nia mbaya, na mahali pa kuliweka huchaguliwa na mchezaji. Kwa hiyo rundo linalopanda hata likamshinda limejengwa na mikono yake mwenyewe, na kila pengo lililomo ndani yake ni kosa alilolifanya na ambalo bado analiona. Mwezi wa Desemba mwaka 1@@